Gari la miaka 11 litakula kiasi gani gereji?

Swali: Nimepata gari dogo la petroli, lina miaka 11 na limetembea kilomita 138,000. Gia ni otomatiki ya CVT. Mwenye gari anasema halijawahi kumsumbua, ukigusa ufunguo tu linawaka. Ndugu zangu wananiambia gari la mtumba litanimaliza kwa mafundi. Nitenge kiasi gani cha matengenezo, nikague nini kabla sijatoa hela, na nitajuaje kwamba muda wa kuachana nalo umefika?

Jibu: Ndugu, kusema gari "halijawahi kunisumbua" kunaweza kuwa kweli kabisa na bado kusikusaidie. Gari linaweza kufika kilomita 138,000 bila kumlaza mtu njiani huku oili ya gia ikiwa ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, maji ya rejeta yameshageuka rangi ya kutu, na plagi zimelika. Yeye halikumsumbua. Litakusumbua wewe, kwa sababu kazi nyingi za gharama ya kati huangukia kati ya kilomita 100,000 na 160,000, na hapo hapo ndipo watu wengi huuza. Unachotakiwa kutafuta ni kazi zipi zilipaswa kufanyika mpaka leo na hazikufanyika. Hizo zimeahirishwa na atakayezilipa ni mnunuzi.

Sifa ya modeli ina uzito wake, ila isomwe kwa macho mawili. Zile takwimu za kutegemeka kwa magari zinazonukuliwa kila mahali hazipimi kitu kimoja. ADAC, chama cha madereva cha Ujerumani, huhesabu magari yaliyokwama barabarani, na zaidi ya asilimia 40 ya kukwama huko husababishwa na betri ya kawaida ya volti 12, kitu ambacho hakisemi lolote kuhusu injini. TÜV, mashirika ya ukaguzi wa magari ya huko huko, huhesabu kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi wa lazima: taa, breki, bushi, oili inayovuja. J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, huhesabu matatizo kwa kila magari 100 yenye umri wa miaka 3, na humo redio inayokataa kushikana na simu ni tatizo moja, sawasawa na giaboksi inayotetemeka. Gari lako lina miaka 11.

Kinachosaidia zaidi ni kujua aina ya injini na aina ya giaboksi, maana jina lililo nyuma ya gari huficha mengi. Kampuni moja inaweza kutoa injini ngumu na injini ya hasara ndani ya miaka ile ile. Toyota 1NZ-FE ni injini inayovumilia sana, lakini 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zilikuwa na pistoni zenye vitundu vidogo mno vya kurudisha oili: vinaziba, ringi zinaganda, injini inaanza kula oili. Subaru EJ25 inajulikana kwa gasketi ya silinda hedi. BMW N47 ya dizeli ina cheni ya taiming iliyowekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo ufundi wake unaweza kuzidi bei ya cheni yenyewe mara nyingi. Volkswagen wana DQ200, gia ya spidi saba yenye klachi kavu mbili, ambayo kitengo chake cha umeme na haidroliki ni ugonjwa unaofahamika. Kwa hiyo kabla ya yote, andika herufi na namba za injini na za giaboksi ya gari unalolitaka, kisha tafuta magonjwa yake kwa majina hayo.

Chukua pia namba ya chesisi, ile ya tarakimu na herufi 17 (magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi), uiulize kwa mtengenezaji kama kuna marekebisho ya wito wa kurudisha magari (recall) ambayo bado hayajafanywa. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya Takata, iliyowekwa kwenye makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi. Kemikali ndani yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekebisho ya aina hii hulipiwa na mtengenezaji.

Pesa huenda wapi

Kuna vitu vinavyolika kwa kilomita, na hivi visikutishe. Pedi za breki huanza na milimita 10 hadi 12 za kitambaa na hubadilishwa zikifika 3. Diski ina unene wa chini kabisa ulioandikwa kwenye chuma chake, kwa hiyo fundi apime badala ya kukisia. Plagi za iridiamu hufika kilomita 100,000, zile za kawaida ni 20,000 hadi 30,000. Shokapu, bushi, boli jointi na linki za stabilaiza hutegemea barabara kuliko mita. Gharama hizi zinajulikana mapema, na mtu makini huzipangia.

Cha pili ni umri, na hiki ndicho wanunuzi wengi hawakihesabu. Mpira na plastiki huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la miaka 11 lenye kilomita 40,000 tu linavutia kwenye tangazo, lakini mipira yake ya maji, sili, bushi, mikanda na tairi zina miaka 11 vile vile. Tairi utaisoma pembeni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkanda wa taiming, kwa injini zinazoutumia, una kikomo cha kilomita na cha miaka, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hupiga valvu, na kazi ya saa chache inageuka kuwa ya kufungua hedi.

Nikae kidogo kwenye mfumo wa kupozea injini, kwa sababu ndiko injini nyingi za mtumba zinakofia, na hufa kwa kitu cha bei ndogo. Rejeta ya kisasa ina mwili wa alumini na vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa kingo. Plastiki hiyo hupikwa na kupoa maelfu ya mara, na baada ya miaka kama 10 hupasuka ufa mwembamba pale kwenye ubano. Maji hayamwagiki, yanatoka kama jasho gari likiwa la moto, yanakauka, yanaacha alama nyeupe au ya waridi. Dereva anaongeza maji ya bomba. Kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta, inachujuka, kinga yake dhidi ya kutu inaisha, pampu ya maji inaanza kulika. Siku moja kiwango kinashuka chini ya sensa ya joto, na hapo mshale wa dashibodi unaweza kubaki palepale au hata kushuka, kwa kuwa sensa sasa imekaa kwenye hewa wakati injini inaungua. Hedi ya alumini inapinda. Kiwango cha kupinda kinachovumilika kwenye hedi nyingi ni milimita 0.05 hadi 0.1, kitu ambacho jicho halikioni. Gasketi inapasuka, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gari linachemsha tena. Yote hayo yalianza kwenye ufa wa rejeta, au kwenye mfuniko wa rejeta uliochoka. Mfuniko huo hushikilia shinikizo la takriban ba 1, na ndilo linalofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Spring yake ikilegea, maji huchemka mapema.

Mahali hapa kuna tabia moja ya kukataa kabisa: fundi anayetoa thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, "ili gari lipoe." Injini isiyofika joto lake humwaga petroli nyingi kuliko inavyohitaji, oili inachanganyika na petroli, na silinda zinalika haraka. Gari ambalo kwenye mwendo wa barabara kuu mshale wa joto hauinuki kufika kawaida yake linaweza kuwa limetolewa thamostati, na sababu ya kuitoa huwa ni kuficha kuchemsha.

Kundi la tatu ni vitu vikubwa: injini, giaboksi na, kwa magari ya haibridi, betri kubwa. Haya yote kwa kawaida hayafi ghafla. Yanauawa taratibu na hayo madogo.

CVT yako

Gia ya CVT haina meno ya gia moja, mbili, tatu. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na katikati mkanda wa vipande vya chuma. Kinachoufanya mkanda usiteleze ni shinikizo la oili na aina ya oili yenyewe. Ndiyo maana kuitia oili ya gia otomatiki ya kawaida, kosa linalofanyika kila siku, kunaweza kuiua: mkanda unateleza, unakwangua puli, unga wa chuma unasambaa mpaka kwenye valvu. Kila mtengenezaji ana oili yake, kwa mfano NS-2 na NS-3 za Nissan, TC na FE za Toyota, HCF-2 ya Honda. Aina sahihi imeandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingine hata kwenye kijiti cha kupimia.

Vitabu vingine vya gari havitaji muda wa kuibadilisha. Kwa gari linalotumika kwenye foleni, milima na joto, badilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Uliza risiti. Kama haipo, chukulia haijawahi kubadilishwa. Ukifungua nati ya chini hutoka lita 3 au 4 tu, wakati giaboksi nzima inabeba kama 6 hadi 8, kwa hiyo kumwaga na kujaza mara moja ni kama nusu ya kazi. Mwaga, jaza, tembea siku kadhaa, kisha mwaga tena. Kwa gia yenye kilomita nyingi sipendekezi mashine inayosukuma oili kwa nguvu. Fundi ashushe sahani ya chini, asafishe sumaku, na abadilishe chujio. CVT nyingi zina chujio la pili dogo upande wa kipozeo, na hilo husahaulika. Sumaku zikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida. Zikiwa na vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, usipoteze oili mpya hapo. Kiwango cha oili kwenye giaboksi nyingi zisizo na kijiti hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, mara nyingi karibu nyuzi 35 hadi 45, injini ikiunguruma. Fundi asiyekuwa na kipimo cha joto anabahatisha.

Dalili za CVT inayochoka utazisikia ukiendesha: kutetemeka kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa ukikanyaga kidogo, mizunguko ya injini kupanda bila mwendo kufuata, mlio mwembamba unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, au kuchelewa zaidi ya sekunde 2 ukiweka D au R. Na ifanye iwe ya moto kabla ya kuihukumu. CVT mbovu huweza kuwa na adabu dakika 10 za kwanza.

Ukaguzi

Mwambie mwenye gari asiliwashe siku hiyo kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi kesho.

Likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta au tanki la akiba. Kulanti iwe na rangi safi, isiwe na utando wa oili wala tope la kahawia. Chomoa kijiti cha oili: ukiona kiwango kiko chini, muulize anaongeza mara ngapi. Baadhi ya watengenezaji huona lita 1 kwa kila kilomita 1,000 bado ni ndani ya mipaka yao, lakini kwa mfuko wako hiyo ni injini inayokula oili, na oili hiyo ikiungua huharibu pia katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosti. Ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa maji ya gasketi, au unyevu tu wa gari linaloenda safari fupi. Usihukumu kwa huo peke yake.

Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa zote ziwake kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa au imezibwa. Sasa liwashe na usikilize sekunde 3 za kwanza: mlio wa cheni unaogongagonga kisha kuisha ni cheni iliyolegea au tenshena (kikaza cheni) iliyochoka. Moshi wa bluu unaotoka tu wakati wa kuwasha kwa kawaida ni sili za valvu. Unaotoka ukikanyaga mafuta kwa nguvu ni ringi. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua. Kwa shaka ya gasketi kuna kipimo cha kemikali ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kikigeuka njano, gesi ya silinda imo ndani ya maji.

Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kinajilipa siku hiyo hiyo. Wengi huangalia namba za makosa tu, wakaona hakuna, wakafurahi. Angalia pia ukurasa wa majaribio ya ndani, yale ambayo kompyuta huyafanya yenyewe kwa katalaiza, sensa za oksijeni na mvuke wa petroli. Mtu akifuta makosa asubuhi, majaribio haya hurudi sifuri na yataonekana hayajakamilika. Kama matatu au manne hayajakamilika na maelezo ni "betri ilichomolewa," omba kuliendesha kilomita 80 hadi 100 kisha usome upya. Kwenye takwimu za injini, marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (long term fuel trim) yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa, nozeli chafu au sensa mbovu.

Endesha nusu saa, mjini na barabara kuu. Zungusha usukani mpaka mwisho ukienda polepole: mlio wa tak-tak ni jointi ya CV, ile ya shafti inayozungusha gurudumu. Funga breki ukiwa kilomita 80 kwa saa. Usukani ukitetemeka, diski zimepishana unene. Mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukiegemeza gari upande mmoja ni beringi ya gurudumu.

Kisha liinuliwe. Kwa chini utaona mambo ambayo rangi ya juu haisemi: buti za CV zilizochanika, kutu kwenye mihimili na mahali pa kuegemeza jeki, katalaiza iliyokatwa na kuwekwa bomba tupu. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mstari wa tope au ukungu kwenye kitambaa ni gari lililozama, na nyaya zake zitakusumbua miaka mingi. Boli za fenda zilizokwanguka rangi zinaonyesha zilifunguliwa.

Mita ya kilomita? Kilomita 138,000 kwa miaka 11 ni kama 12,500 kwa mwaka, inaingia akilini. Linganisha na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva, na namba zilizoandikwa kwenye risiti au stika za sevisi.

Hesabu ya pesa

Hakuna asilimia moja inayofaa kila gari, na sababu ni hii: bei ya spea hufuata bei ya gari lilipokuwa jipya. Gari la kifahari lililoshuka thamani kwa asilimia 80 bado lina taa, shokapu za hewa na moduli za bei ya kifahari. Ndiyo maana gari kubwa la bei poa mara nyingi ndilo linalofilisi, wakati gari dogo la bei ile ile halifanyi hivyo.

Fanya hivi. Chukua kila kitu kinacholika, gawanya kilomita zako za mwaka kwa maisha yake. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka: tairi zinazodumu 50,000 unakula asilimia 30 ya seti kila mwaka; pedi za 40,000 ni asilimia 37.5, oili ya CVT ya kila 60,000 ni robo ya kazi hiyo, betri ya miaka 4 ni robo ya betri. Zidisha kwa bei za kwako, jumlisha, ongeza sevisi mbili au tatu za oili. Hiyo ndiyo gharama ya kawaida. Juu yake weka akiba ya kitu kikubwa: uliza bei ya giaboksi iliyotumika pamoja na ufundi wa kuifunga, ugawe kwa 5, utenge kiasi hicho kila mwaka. Kisha mwaka wa kwanza peke yake, shika kando asilimia 10 hadi 20 ya bei ya kununulia. Kama hela yote inaishia kwenye kununua, nunua gari la bei ya chini zaidi.

Ndani ya mwezi wa kwanza, anza na vya usalama: breki, tairi, tairodi na boli jointi. Mafuta ya breki yabadilishwe hata kama yanaonekana safi, kwa sababu hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, iliyojaa unyevu inaweza kuchemka karibu na 155. Halafu oili ya injini na filta, karibu lita 3.5 hadi 4.5 kwa injini ya ukubwa wako, kulanti pamoja na thamostati na mfuniko, oili ya CVT, plagi, filta ya hewa, mkanda wa nje.

Unganisha kazi zinazofunguliwa mahali pamoja. Mkanda wa taiming ukibadilishwa, pampu ya maji, tenshena na puli ziende pamoja nao, maana ufundi ni ule ule. Giaboksi ikishushwa kwa sababu yoyote, badilisha sili ya nyuma ya krenki. Shokapu na pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, kamwe si upande mmoja. Spea iliyotumika inafaa kwa milango, vioo, taa, alternata, hata injini nzima ikipimwa kompresheni. Kwa petroli tarajia ba 10 hadi 14, na tofauti kati ya silinda isizidi ba 1. Haifai kwa mikanda, mipira, sili, pedi wala mifuko ya hewa.

Hela nyingi zaidi hupotea kwenye kubadilisha spea bila kupima. Chukua kosa la P0302, silinda namba 2 haichomi. Fundi mmoja atakuuzia koili 4. Mwingine atahamisha koili ya silinda 2 kuipeleka silinda 3, atafuta kosa, ataendesha dakika 10. Kosa likirudi kama P0303, koili hiyo ndiyo mbovu na unanunua moja. Likibaki P0302, atahamisha plagi, kisha ataangalia nozeli na kompresheni. P0420 nayo haimaanishi moja kwa moja katalaiza imekufa. Ekzosti inayovuja kabla ya sensa, au injini isiyochoma vizuri, huleta kosa hilo hilo. Muulize fundi amepima nini, si anadhani nini.

Kuachana nalo

Watu hulinganisha bei ya matengenezo na thamani ya gari, na hesabu hiyo hupotosha. Matengenezo ya nusu ya thamani ya gari yanaweza kuwa na maana kama mwili ni mzima, hakuna kutu, na baada yake unapata miaka mitatu. Gawanya gharama hiyo kwa miezi litakayokutumikia, kisha linganisha na gharama ya mwezi ya gari lingine, ukihesabu na kushuka kwake thamani na sevisi zake za kuanzia. Acha pale ambapo kutu imeingia kwenye mihimili, pale gari lilipozama, pale injini iliyokwishachemsha mara kadhaa inapoomba gasketi ya pili, au vitu viwili vikubwa vinapodai kwa pamoja.

Kwa hilo ulilolipata, mimi ningeanzia kwenye giaboksi. Kama ina risiti ya oili, na ikiwa ya moto haitetemeki, endelea na ukaguzi mwingine. Kama haina risiti ila inakwenda vizuri, toa kwenye bei gharama ya kumwaga oili mara mbili pamoja na chujio, na fundi afungue sahani wiki ya kwanza. Ikitetemeka hata kidogo, bei iwe ya gari linalohitaji giaboksi. Na mwenye gari akikataa lisiinuliwe au lisisomwe kwa kompyuta, usilinunue.